Je, Wajua? Baa Zisizo na Kibao, Kutoka New York Hadi Kasongo

Katika mtaa wa St. Marks Place, mjini New York, kuna duka la soseji liitwalo Crif Dogs, na ndani yake kuna kibanda cha simu cha mbao. Mteja anaingia kibandani, ananyanyua simu, anataja jina lake kwa anayesikiliza upande wa pili, na ukuta wa nyuma wa kibanda unafunguka. Nyuma yake ni baa: taa hafifu, viti vichache, na mhudumu anayetikisa barafu ndani ya kopo la chuma. Baa hiyo, PDT, ilifunguliwa mwaka 2007 na imeigwa karibu kila mji mkubwa duniani. Kuna zenye mlango nyuma ya kabati la vitabu, kuna za kupitia kwa kinyozi, kuna ambazo unafungua kitu kinachofanana na jokofu. Nairobi nako mtindo umeingia. Kinywaji kimoja kikigharimu dola 20 huko New York, hakuna anayeshtuka.

Sisi wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, mlango wa nyuma tunaufahamu kwa sababu nyingine kabisa. Mtu wa Lusangi anayetaka kunywa bila habari kumfikia baba mkwe wake kabla ya swala ya alasiri hahitaji kibanda cha simu. Anahitaji mama anayejua kunyamaza. Ndiyo maana safari hii tumekusanya mambo ya ajabu kuhusu pombe na mafichoni: nani alijificha, alimficha nani, na kwa sababu gani.

Je, wajua kwamba Wamarekani waliwahi kukatazwa pombe na katiba yao wenyewe? Marekebisho ya 18 ya katiba yalianza kufanya kazi Januari 17, 1920, yakafutwa na marekebisho ya 21 Desemba 5, 1933. Yaani karibu miaka 14. Lakini isome sheria hiyo taratibu: ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Kunywa haikukataza. Tajiri aliyejaza ghala lake kabla ya siku hiyo aliendelea kunywa sebuleni kwake akiwa na amani ya moyo. Aliyezoea kununua glasi moja moja kila Jumamosi ndiye aliyelazimika kubisha hodi kwenye mlango usio na kibao, akataja neno la siri, na pengine akapewa kileo chake ndani ya kikombe cha chai. Kwa makadirio ya zama zile, New York peke yake ilikuwa na vilabu vya namna hiyo zaidi ya 30,000.

Kilichojificha kwa ufundi kuliko vyote kilikuwa nyumba namba 21 ya West 52nd Street, mali ya Jack Kriendler na Charlie Berns. Rafu za kaunta yake zilikuwa na wenzo: polisi wakionekana mlangoni, mhudumu anabonyeza, rafu zinainama, chupa zote zinatumbukia shimoni na kupasuka huko chini. Polisi walibaki na harufu, na harufu haipelekwi mahakamani. Ghala la pombe nalo lilikuwa nyuma ya mlango wa matofali wenye uzito wa tani mbili na nusu, usiotofautiana na ukuta mwingine wowote. Ufunguo wake ulikuwa waya mwembamba unaopenyezwa kwenye kitundu kisichoonekana.

Hilo bado si la kuchekesha kuliko hili. Ghala lile halikuwa chini ya namba 21. Lilikuwa chini ya nyumba ya jirani, namba 19. Polisi akiuliza, "Kuna pombe katika nyumba hii?", mwenye nyumba anajibu hapana, na anasema kweli tupu. Inasemekana Jimmy Walker, aliyekuwa meya wa New York, alikuwa na kona yake ya kukaa mle ghalani.

Kwa ufupi, vioja vingine vya miaka ile:

Madaktari wa Marekani waliruhusiwa kuandika wiski kama dawa, mgonjwa akaichukua kwa mfamasia. Magonjwa yaliongezeka ghafla.

Kampuni za zabibu ziliuza matofali ya zabibu zilizokaushwa kwa ajili ya juisi. Maelezo yalimwonya mnunuzi asithubutu kuiacha juisi hiyo kabatini siku 20, kwa sababu ingegeuka divai. Onyo lilikuwa wazi kiasi kwamba kila mtu alielewa la kufanya.

Madereva waliosafirisha pombe ya magendo usiku, kwenye njia za milima ya kusini, waliziongezea nguvu injini zao ili kuwaacha polisi nyuma. Baadhi yao na magari yao ndio waliokuja kuingia katika mashindano ya NASCAR, yaliyoundwa rasmi mwaka 1948.

Na kabla ya marufuku, baa ya Marekani ilikuwa mahali pa wanaume. Ni vilabu vya kificho vilivyozoesha wanawake na wanaume kukaa meza moja. Aliyetunga sheria hakukusudia hilo.

Je, wajua kwamba mtindo wa kisasa wa mlango wa siri haukuanzishwa na mtu aliyetaka kujionyesha? Sasha Petraske alifungua baa yake, Milk & Honey, katika mtaa wa Eldridge, New York, mwaka 2000 ukiingia. Hakuweka kibao kwa sababu hakutaka kelele za wateja ziwaudhi majirani waliolala ghorofa za juu. Namba ya simu ilipitishwa mdomo kwa mdomo. Ndani kulikuwa na kanuni: usitaje majina ya watu mashuhuri ili uonekane, usipigane wala usizungumzie kupigana, mwanamume asimwanze mwanamke asiyemfahamu, na ukitoka, toka haraka na kimya. Petraske alifariki mwaka 2015. Walioiga mlango wake ni wengi, walioiga adabu yake ni wachache, na kwa maoni yangu hiyo adabu ndiyo iliyokuwa na thamani.

Kokteli yenyewe ni kitu cha zamani kuliko marufuku. Mei 13, 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimweleza msomaji wake kwamba kokteli ni kileo kikali, sukari, maji na matone machungu. Basi. Mengine yote ni mapambo yaliyoongezwa baadaye. Miaka ya marufuku iliongeza asali, maji ya limau na maji ya matunda kwa wingi, kwa sababu pombe ya magendo ilikuwa na ladha mbaya na ilibidi ifunikwe. Wahudumu hodari wa Marekani wakahama kutafuta kazi. Mmoja wao, Harry Craddock, alikwenda hoteli ya Savoy, London, na mwaka 1930 akatoa kitabu cha mapishi ya vinywaji ambacho wahudumu wanakifungua mpaka leo.

Anayetikisa kopo anafanya nini hasa? Anapoza, lakini pia anaongeza maji. Kwa sekunde 12 hadi 15 za kutikisa, barafu inayeyuka kiasi kwamba karibu robo ya kinywaji kinachomiminwa ni maji. Kileo kinapungua ukali, ndimu na sukari zinashikana, na joto linashuka chini ya nyuzi sifuri bila kinywaji kuganda, maana pombe huganda kwa baridi kali zaidi kuliko maji. Ndiyo sababu baa hizi zinahangaika na barafu kuliko zinavyohangaika na chupa. Barafu nyeupe yenye mapovu ni hewa na chumvichumvi zilizonaswa katikati wakati maji yanaganda kutoka pande zote. Ukiyagandisha kutoka upande mmoja tu, uchafu na hewa vinasukumwa mwisho, unavikata, na kinachobaki kinang'aa kama kioo.

Kwetu, ambako barafu inapatikana kwa mwenye jenereta au sola, kinywaji chenye tangawizi iliyotwangwa, asali, limau na kipande kimoja cha barafu ni anasa kamili, na hakina dhambi hata tone. Mkongo yeyote aliyewahi kunywa tangawisi iliyokolea kooni anajua kuwa ukali hautoki kwenye pombe peke yake.

Halafu kuna hili la Bukavu. Je, wajua kwamba uchungu wa maji ya toniki, yanayochanganywa na jini katika baa za dunia nzima, unatokana na kwinini, na kwamba Kivu ni mojawapo ya maeneo mashuhuri duniani kwa kilimo cha mkwinini? Magome ya mti huo yanachunwa vilimani na kusindikwa na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Kwinini ina tabia ya kung'aa rangi ya buluu chini ya taa za zambarau za kwenye disko. Mwenye toniki mkononi ataona glasi yake inawaka. Lakini mtu asije akadanganyika kwamba anajitibu malaria. Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki, na dozi ya mgonjwa ni mamia ya miligramu kwa mara moja, kila siku. Kabla hajafikia dozi atakuwa amevimba tumbo.

Afrika Mashariki nayo ina kokteli yake yenye jina la Kiswahili. Ni dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa katika asali nzito ambacho mnywaji anakoroga nacho mwenyewe mpaka aridhike na utamu. Imepata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo habari inaponoga.

Je, wajua kwamba Kasongo iliwekewa marufuku ya pombe kali karibu miaka 30 kabla ya New York? Julai 2, 1890, wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wengine walitia saini mjini Brussels mkataba uliolenga hasa biashara ya watumwa. Ndani yake wakaingiza vifungu kuhusu pombe. Walichora kwenye ramani ukanda wa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, wakasema: popote ndani ya ukanda huu ambapo watu hawajazoea vileo vikali, iwe kwa sababu ya dini au kwa sababu nyingine, ni marufuku kuviingiza na ni marufuku kuvitengeneza. Kasongo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini. Ilikuwa ndani kabisa.

Kichekesho ni kwamba waliotia saini hawakuwa wameishika Kasongo. Mwaka 1890 mji ule ulikuwa bado mikononi mwa Waswahili na Waarabu wa himaya ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na ulikuwa mji wa Waislamu. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amerudi pwani. Mwanawe Sefu ndiye aliyebaki. Majeshi ya afisa Mbelgiji Dhanis, kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, yaliiteka Kasongo Aprili 22, 1893. Kwa maneno mengine, Brussels ilimkataza pombe kali mtu ambaye haikumtawala, ambaye tayari alikuwa amekatazwa na Kurani, na kisha ikaruhusu kiasi maalumu kiingizwe kwa ajili ya wasio wenyeji. Kifungu hicho cha mwisho kila afisa wa kizungu alikikumbuka.

Waliingia wakakuta nini? Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa kapteni katika jeshi hilo, alichapisha kitabu chake mwaka 1897 na hakuweza kuficha mshangao. Alikuta mashamba ya mpunga ambayo mtu anapita kwa mnyama wa kupanda zaidi ya saa nzima bila kuyamaliza. Alikuta miwa, michungwa, vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri. Chumba alichojichagulia kilikuwa na mlango unaotokea kwenye bustani ya michungwa. Na katika orodha ya anasa ambazo yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuzisahau alitaja mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo, na chupa za kioo za kumiminia vinywaji.

Hebu zihesabu bidhaa hizo upya kwa jicho la mhudumu wa baa. Sukari ipo. Machungwa yapo. Bilauri zipo, chupa za kumiminia zipo, mishumaa ya kutia kiza kitamu ipo. Kasongo ya 1893 ilikosa barafu, na kileo haikukitaka. Kwa kila kipimo kingine ilikuwa tayari kupokea wageni vizuri kuliko baa nyingi zinazotoza dola 20. Mji wenyewe ulihamishwa baadaye. Mahali pake pa zamani ndipo panapoitwa Tongoni.

Mkataba wa Brussels ulifuatwa na mwingine, wa Saint-Germain-en-Laye, Septemba 10, 1919, ambao ulikaza zaidi marufuku ya kukeneka pombe kali katika makoloni. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mkongo alikatazwa divai na pombe kali hadi miaka ya 1950. Bia aliruhusiwa, na bia ilikuwa na mwenyewe: kiwanda cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na Primus ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Sitaki kusema sheria iliandikwa kwa ajili ya kiwanda. Ninachosema ni kwamba mama aliyekeneka uani alikuwa mhalifu, na mwenye kiwanda alikuwa mwekezaji. Primus ileile, ikifika huku kwetu leo baada ya kubingirika siku kadhaa kwenye barabara mbovu, bei yake inamkumbusha mtu kwa nini pombe ya uani haijafa.

Hali haikuwa ya Kongo peke yake. Nairobi, tangu miaka ya 1920, manispaa ilijipa haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji katika vilabu vyake, na wanawake wa Pumwani waliopika yao walikamatwa. Afrika Kusini, Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe za kizungu mpaka mwaka 1962, na ndiyo maana vilabu vya nyumbani vya Sophiatown vilishamiri. Humo walikaa waandishi, wanamuziki na majambazi katika chumba kimoja. Filamu ya Come Back, Africa, ya mwaka 1959, ina tukio la kilabu cha aina hiyo, na anayeimba humo ni Miriam Makeba akiwa bado kijana.

Hapa kuna mnyororo ninaoupenda. Skokiaan ni jina la pombe haramu ya mitaa ya kusini mwa Afrika. August Musarurwa, mpiga saksafoni wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alitunga wimbo kwa jina hilo. Mwaka 1954 wimbo ukarekodiwa na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta ambaye miaka ya 1920 alikuwa akijenga jina lake katika vilabu vya Chicago vilivyoendeshwa na majambazi wa pombe ya magendo. Na mwishoni mwa Oktoba 1960, miezi minne baada ya uhuru wetu, Armstrong alitua Léopoldville, watu wakambeba juu kwa juu kwenye kiti kama chifu. Halafu akaenda kupiga Elisabethville pia, katika Katanga iliyokuwa imejitenga. Pombe mbili zilizokatazwa katika mabara mawili zilikutana katika tarumbeta moja.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya nazo zikarithi marufuku, kila moja kwa namna yake. Uganda ilikuwa na akili ya biashara: sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka mwenye kukeneka apate leseni na kuuza kileo chake kwa kiwanda, kikasafishwa na kuwekwa chupani kama Uganda Waragi. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti gongo mwaka 1966, na mwaka 2017, kuanzia Machi 1, ikapiga marufuku pombe za vifuko vya plastiki, zile viroba. Kenya iliharamisha chang'aa mwaka 1980, ikaihalalisha tena mwaka 2010 kwa masharti ya kupakiwa kwenye chupa za kioo, chini ya sheria ambayo wanywaji waliibatiza jina la mbunge wake, Mututho. Sheria hiyo pia iliamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Matokeo yake unaweza kuyakisia: baa nyingi zenye mlango wa mbele uliofungwa mchana, na wa nyuma uliorudishiwa tu.

Kongo, pombe hiyo ya kukeneka ni lotoko. Lubumbashi wanasema lutuku. Rwanda na Burundi, kanyanga. Majina mengi, kazi moja. Na kazi hiyo, tukiiondolea polisi na aibu, ni ufundi.

Tuitazame. Muhogo una wanga mwingi, lakini wanga hauchachi. Kinachochacha ni sukari. Kwa hiyo mama anachukua mahindi, anayaloweka, anayaacha yaote vichipukizi, anayaanika na kuyasaga. Mbegu inapoota inatoa vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Kimea hicho kinachanganywa na unga wa muhogo uliopikwa, na vile vimeng'enya vinaufanyia muhogo kazi ileile. Scotland wanafanya hivyohivyo kwa shayiri na kuita wiski. Mchanganyiko unakaa siku kadhaa ndani ya pipa, unafoka, unatulia. Kisha moto.

Pipa linafunikwa na kuzibwa kwa udongo au ugali ili mvuke usitoroke. Kutoka juu linachomoza bomba, linapita ndani ya beseni au mtumbwi wa maji baridi, na mwisho wake uko kwenye mdomo wa chupa. Pombe inachemka nyuzi 78, maji nyuzi 100, na ujuzi wote uko katikati ya namba hizo mbili. Moto ukizidi, maji yanapanda pamoja na pombe na unapata kitu dhaifu chenye harufu ya kuungua. Ukipungua, hakuna kinachotoka. Mama hana kipimajoto. Anasikiliza pipa, anagusa bomba, anabadilisha maji ya beseni yanapopata uvuguvugu, anachomoa ukuni mmoja, anaurudisha. Matone ya mwanzo anayatenga, na wengi huyajaribu kwa kiberiti: yanayoshika moto bila kusita ndiyo makali. Bomba la shaba ni bora kuliko la chuma, kwa sababu shaba inanasa misombo ya salfa inayonuka. Wakenekaji wa Scotland wanalipa pesa nyingi kwa mitungi ya shaba kwa sababu hiyohiyo, na sisi tuna Katanga hapo jirani.

Mtu akinambia kwamba ufundi wa pombe uko kwenye baa yenye kabati la vitabu, ninamheshimu, lakini ninamuuliza kama amewahi kuongoza moto wa kuni kwa sikio.

Tusije lakini tukaisifu lotoko mpaka tukaua watu. Asilimia ya pombe yake haijulikani kwa anayeinywa, na chombo kilichobeba mafuta au dawa ya mimea kinaacha mabaki. Hatari kubwa kuliko zote inaitwa methanoli. Ni ndugu wa pombe ya kawaida: haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Uchachu wa matunda huizalisha kidogo. Nafaka huizalisha kidogo hata kuliko matunda. Maafa makubwa karibu kila mara yanatokea pale muuzaji mwenye haraka anapoongeza methanoli ya viwandani, ile ya kutengenezea rangi na viyeyusho, ili kileo kiwe kikali kwa bei ndogo. Novemba 2000, katika vitongoji duni vya Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu.

Je, wajua kwamba serikali ya Marekani nayo ilifanya hivyo, tena kwa makusudi? Wakati wa marufuku, iliagiza pombe ya viwandani itiwe methanoli na sumu nyingine ili watu wasiinywe. Watu waliinywa. Charles Norris, mkuu wa wachunguzi wa vifo mjini New York, alipaza sauti hadharani kuilaumu serikali kwamba inajua inachofanya na inaendelea, na kwamba wanaokufa ni wale wasiomudu pombe nzuri.

Methanoli yenyewe si sumu kali sana mpaka ini liiguse. Ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, ileile iliyo katika sumu ya sungusungu, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho. Jambo la ajabu ni kwamba dawa yake mojawapo hospitalini ni pombe ya kawaida safi, inayotolewa kwa kipimo na daktari: ini linaipendelea pombe hiyo, linaishughulikia kwanza, na methanoli inapata muda wa kutoka mwilini kabla haijageuzwa. Kuna dawa nyingine mahususi, fomepizoli, na kuna kusafisha damu kwa mashine, lakini hivyo havipatikani kila mahali.

Dalili huchelewa. Mtu anaweza kulewa, akalala, akaamka akidhani ni uchovu wa kawaida wa pombe, na saa 12 hadi 24 baada ya kunywa ndipo mambo yanapoharibika: kichwa kinauma sana, tumbo linasokota, anapumua kwa kasi, na macho yanaona ukungu au weupe kama wa maziwa. Ukimwona ndugu au jirani katika hali hiyo, usimwache alale "ipungue", wala usimpe glasi nyingine ya kuzimua. Mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, kwa pikipiki au kwa machela, na uwaambie wauguzi wazi amekunywa nini, saa ngapi na wapi. Bakisha chupa uende nayo. Na waliokunywa naye wote waitwe waende, hata wanaojisikia wazima.